Jina Lako, Kazi Yako, Utapatikana Wapi

Kutoka Lodwar hadi Nakuru nilisafiri nyuma ya lori lililobeba makreti ya chupa tupu za soda. Mtu ambaye hajawahi kusafiri na chupa tupu hajui kelele ni nini. Zilianza kulia tulipouacha mji, zikalia mchangani, zikalia kwenye mashimo ya Kainuk, na tulipoanza kupanda kuelekea Kapenguria zikabadilisha sauti kana kwamba na zenyewe zimesikia baridi. Kitale tulilala. Eldoret dereva alinunua maziwa ya mgando akanigawia. Timboroa mvua ya mawe ilitupiga mpaka nikajifunika turubai, na Salgaa tulikunywa chai ya majani mengi pamoja na madereva wa malori marefu. Safari yote nilikuwa nimepakata amplifaya, nikiifunika kwa koti langu la ngozi ya kondoo kila vumbi lilipozidi.

Amplifaya ilikuwa ya mhubiri. Wakati huo nilizunguka na kundi la mikutano ya hadhara, kazi yangu ikiwa kusimamisha spika na kuzilinda zisipige mluzi wakati wa maombi. Amplifaya iliungua katikati ya mahubiri, na mhubiri aliambiwa kuna fundi Bondeni, Nakuru, anayeweza kuifufua. Nilitumwa niende, nisubiri itengenezwe, nirudi. Fundi aliitengeneza vizuri, nikaituma Lodwar kwa lori lile lile. Mimi sikuituma roho yangu nayo. Nilibaki Nakuru miaka mingi kuliko niliyowahi kukaa mji wowote, kwa sababu fundi alikuwa amepanga chumba cha nyuma cha mama mmoja, na mimi, kwa kutojua, niligonga mlango wa mbele.

Kila mtu Bondeni alimwita Mathe wa Lebo, yaani mama mwenye kampuni ya kurekodi muziki, na mimi sitamwita vingine hapa. Siku hiyo nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, amezipa spika mgongo, anatafuna njugu. Hivyo ndivyo alivyosikiliza muziki siku zote, kwa mgongo. Alisema uso hudanganyika: ukimwona mwimbaji anakunja macho unadhani anaimba vizuri. Aliinua mkono ninyamaze mpaka wimbo ukaisha, kisha bila kugeuka akasema:

"Sema jina lako, kazi yako, na mahali utapatikana."

Jina nililisema. Kazi nikasema spika. La tatu nikakwama, nikaanza kutaja Lodwar, nikataja kwa shangazi yangu Kakamega ambako sikuwa nimekanyaga siku nyingi, nikataja kambi ya mkutano uliokuwa unafuata. Ndipo akageuka kuniangalia, mimi na koti langu na ile amplifaya.

"Wewe ni kama zile nyimbo za zamani," akasema. "Zinachezwa kila mahali na hakuna mtu anajua mwenyewe yuko wapi."

Halafu akanionyesha mlango wa fundi. Jioni hiyo baridi ya Nakuru ilipoanza kuteremka kutoka Menengai, nilitafuta koti langu nikalikuta mabegani mwake, anakwenda nalo dukani.

Nianze na hilo, maana ndilo lililowachekesha watu wote waliomjua. Mathe wa Lebo aliishi kwa kuomba ruhusa na kuwafundisha wengine kuomba ruhusa. Mtu wa tangazo la sabuni akitaka kipande cha gitaa cha kupita tu kama upepo, Mathe alimkalisha chini amweleze kitatumika kwenye kazi gani, kitasikika wapi, na kwa muda gani. Lakini vitu vya watu alichukua bila kuuliza. Mwavuli wako, jiko la jirani, sufuria kubwa ya chama cha akina mama, baiskeli ya fundi. Havikupotea. Vilirudi vikiwa vimeoshwa, wakati mwingine na mandazi ndani. Fundi alimwambia siku moja, "Mathe, baiskeli yangu ungeiombea leseni hata wewe." Akamjibu kwamba baiskeli haina mtunzi. Baiskeli ikaenda sokoni.

Na mtu akija kuazima chake? Jirani aliyetaka jiko aliulizwa utapikia nini, utalitumia nyumbani au utalipeleka matangani, na utalirudisha lini. Watu walimtania mbele ya uso wake, naye alicheka sana, halafu akarudia swali.

Studio yake ilikuwa vyumba viwili vya nyumba ya zamani ya kanso, yaani ya halmashauri ya mji, kuta zimefunikwa blanketi nzito za kijivu. Blanketi zilizuia mwangwi lakini hazikuzuia treni. Honi ya treni ikisikika kutoka upande wa stesheni, wote waliokuwa ndani waliacha wimbo pale pale ulipofika, mdomo wazi, kidole kwenye waya wa gitaa, wakangoja ipite. Waimbaji wageni walikasirika. Wenyeji, ambao wengi baba na babu zao walifanya kazi reli, walisimama kwa heshima kidogo, kama mzee amepita.

Yeye mwenyewe hakujua kuimba. Kanisani aliimba kwa sauti kubwa na nje ya wimbo, na makofi yake yalikuja baada ya ya wengine. Aliingia kwenye muziki kupitia meza ya kuuzia kanda karibu na stendi, enzi za kanda, na alikuwa akisema kwamba pale mezani ndipo alipoona jambo la ajabu. Mtu alisimama akasikiliza wimbo wake mwenyewe kwenye spika ya meza, akatabasamu, akaondoka zake, na jina lililoandikwa kwenye kanda halikuwa lake. "Hakugomba hata," Mathe alisema. "Alitabasamu. Hiyo ndiyo ilinikera."

Kutokana na hilo alianzisha desturi yake, na kila aliyerekodi kwa Mathe aliifuata, mkubwa kwa mdogo. Kabla ya sauti ya kwanza ya wimbo kurekodiwa, wote waliokuwa na mkono ndani yake walikuja mbele ya maiki mmoja mmoja wakasema mambo matatu: jina, walichofanya kwenye wimbo, na mahali watakapopatikana. Mimi ni fulani, nimetunga maneno, napatikana Kaptembwo nyuma ya kinu cha posho. Mimi ni fulani, gitaa la besi, napatikana Lanet, uliza kwa fundi wa viatu. Sauti hizo zilibaki mwanzoni mwa rekodi. Nyimbo zilipotoka dukani, na baadaye kwenye simu na mitandao, sehemu hiyo ilikatwa. Lakini kwenye rekodi mama, ile aliyoitunza yeye, kila wimbo ulianza na watu wakijitaja.

Alisema watu wagawane wimbo siku ambayo bado hauna maana kwa mtu yeyote isipokuwa wao. Siku hiyo hakuna anayejisahau na hakuna anayejiongeza. Ngoja wimbo upendwe, utashangaa waliokuwa wakipita tu nje siku ya kurekodi wanavyokumbuka kwamba walikohoa ndani.

Vijana walimwona wa kizamani mpaka walipomhitaji. Alikuja mmoja wa kurap, kijana wa Langa Langa, amevaa miwani ya jua ndani ya chumba kisicho na dirisha. Alikuwa na biti, yaani mdundo uliokwisha kutengenezwa, kwenye simu, akataka tu kuweka sauti juu.

"Hii biti ni ya nani?" Mathe akamuuliza.

"Si ni ya net, mathe. Ni ya free."

Akamwambia asome kilichoandikwa chini yake. Kijana akavua miwani akasoma: bure kama huuzi, ukiuza mtafute mwenyewe. Mathe akamuuliza kama anarekodi ili auze au ili amwimbie mama yake jikoni. Kijana akasema, "Aki mathe unanimaliza," na wote tukacheka. Hakumfukuza. Alimwita mpiga kinanda wa kanisa la jirani, wakakaa wawili hao mchana mzima na wakatoka na biti yao wenyewe, yenye honi ya treni ndani yake, kwa kuwa treni ilipita na kijana akasema iachwe. Kwenye maiki alijitaja, akamtaja mpiga kinanda, kisha akauliza kama treni nayo ijitaje.

Nilikuwa mtu wa waya na spika, sikuwa najua haya mambo. Mathe alinifundisha kwa mfano wa nyumba, huku tukimenya viazi. Wimbo una vitu viwili, alisema. Kuna utunzi, yaani maneno na sauti vile vilivyomjia mtu. Hiyo ni ploti. Halafu kuna rekodi, yaani ule wimbo ulivyoimbwa na kunaswa siku fulani kwenye studio fulani. Hiyo ni nyumba. Lebo hujenga nyumba kwenye ploti ya mtu mwingine. Anayetaka kuuweka wimbo kwenye filamu au tangazo lazima abishe hodi mara mbili, kwa mwenye nyumba na kwa mwenye ploti. Mmoja akikataa, hakuna kuingia. Kuna mambo mengine, kama vile vyama vinavyokusanya mirabaha kutoka kwa mabaa na vituo vya redio, lakini alisema ukielewa nyumba na ploti yaliyobaki utayaelewa ukiwa unatembea.

Jambo lililompa shida kuliko yote lilitokana na desturi yake mwenyewe, na lilikuja kupitia kwaya.

Miaka ya nyuma, kabla sijafika, alikuwa amerekodi kwaya ya kanisa la hapo hapo Bondeni. Wimbo mmoja wao uliombea watu ambao hakuna anayewaombea: wanaobaki kuosha sufuria wageni wa harusi wakishaondoka. Uliomba Mungu awakumbuke hao, na mikono yao, na maji yaliyokwisha kupoa. Ulikuwa wimbo wa polepole, na mwishoni sauti zilipungua moja moja mpaka akabaki mwanamke mmoja. Niliusikia mara ya kwanza nikiwa naunganisha waya, nikaacha kuunganisha.

Siku moja akaja msichana kutoka Nairobi, mtengeneza filamu, mpole, kiatu chake kimejaa vumbi letu. Alikuwa ameusikia wimbo huo kwenye simu ya dereva. Filamu yake ilihusu wanawake wanaofanya kazi za nyumba za watu, na alitaka wimbo huo uifunge. Alisema filamu inakaribia kukamilishwa, na kama ruhusa haitapatikana mapema ataweka muziki mwingine. Alitaka ruhusa zote mbili, kama inavyotakiwa. Mathe alifurahi kumpata mtu aliyejua kubisha hodi mara mbili. Akafungua rekodi mama ili tusikie mtunzi ni nani.

Sauti zilianza kujitaja. Soprano huyu, anapatikana soko la Bondeni kwenye mboga. Besi yule, anapatikana stesheni. Wakaja mpaka kwa aliyetunga. Sauti ya mwanamke, ya chini, kama anaongea na kiganja chake. Akajitaja kama Mama Beti. Akasema, "Huu wimbo si wangu, ni wa Mungu. Mimi nilipewa tu." Kwaya nzima ikaitika amina. Akamalizia kwamba atapatikana hapo hapo kanisani.

Msichana wa filamu alitutazama. Mathe alikuwa ameshika kichwa.

"Siku hiyo hata mimi nilisema amina," akasema.

Na Mama Beti hakupatikana kanisani. Mumewe alipofariki alihama, na waliobaki walijua tu kwamba yuko kwa binti yake, upande wa Naivasha huko. Mwenyekiti wa kwaya alipopata habari alikuja studio amevaa suti yake ya Jumapili siku ya Jumanne. Alikuwa mtu mwema, mwenye sauti nzuri ya tenor, na alitaka kusaidia. Alisema jambo ni rahisi: wimbo ni wa Mungu, kwaya inamtumikia Mungu, yeye ni mwenyekiti wa kwaya, basi aletewe kalamu atie sahihi kama mtunzi kwa niaba. Msichana wa filamu, kwa vile muda ulikuwa unamwishia, alisema kwake yeye sahihi hiyo ingetosha kama Mathe angeikubali.

Mathe hakuikubali.

"Nyumba ni yangu," alisema. "Ploti si yangu, na si yako, mwenyekiti."

"Lakini mama alisema mwenyewe, kwa maiki yako. Unataka sasa umshtaki Mungu?"

"Mungu hana shida, Mungu anapatikana. Mimi natafuta Mama Beti."

Mwenyekiti alicheka licha ya suti yake. Msichana akasema atasubiri kidogo, si sana.

Nilimwuliza Mathe usiku ule tukifunga milango kwa nini anajitesa. Hakuna ambaye angemlaumu. Alisema kwamba jina litaandikwa mwisho wa filamu na litabaki hapo hata sote tukishazikwa, na likiandikwa la mwenyekiti, basi yule mama atakaa mahali fulani aangalie filamu, atabasamu, aondoke zake. Nikaelewa kwamba bado alikuwa amesimama kwenye ile meza ya kanda.

Tulimpata kwa njia ya vitunguu. Yule soprano bado alikuwa sokoni, kwenye mboga, vile alivyosema. Mathe alikwenda kumwuliza kama ana habari za Mama Beti, na soprano akamwonyesha vitunguu alivyokuwa akivipanga. Vilitoka Ndabibi, kwenye shamba la mume wa Beti mwenyewe. Alikuwa akiviuza kila wiki na hakuna aliyewahi kumwuliza.

Tulikwenda Ndabibi kwa pikapu ya hao hao watu wa vitunguu, ikirudi tupu. Mathe alikaa mbele na koti langu, mimi nyuma kwenye magunia. Ziwa Naivasha lilituacha mkono wa kushoto, barabara ikawa ya vumbi, upepo ukanukia vitunguu kabla hatujayaona mashamba. Mama Beti alikuwa anapalilia. Mwembamba, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa nyuma, jembe dogo mkononi. Alipomwona Mathe aliangusha jembe, wakakumbatiana wakazunguka kidogo katikati ya vitunguu kama watu wanaocheza.

Walianza kwa kuulizana watoto, na wajukuu, na nani amefariki, na mvua. Chai ikaja. Baadaye sana ndipo Mathe akamweleza. Mama Beti alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Nikisema ni wangu, si nitakuwa nimemuibia?"

Mathe hakumhubiria. Alimwuliza wimbo ulimjia wapi. Mama Beti akasema kwenye harusi ya mtoto wa katekista, nyuma ya kanisa, wageni wamekwisha kwenda na sufuria zimebaki, na wanawake wengine wametoroka.

"Nani alikuwa anaosha?"

"Mimi."

"Mungu alikuwa anaosha na wewe?"

Mama Beti alitazama chini, mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko. "Alikuwa," akasema. "Lakini masizi ilibaki kwa mikono yangu."

Mama Beti hakusema ndiyo. Alisema atafikiri, akatupa vitunguu vya kubeba, akatusindikiza mpaka barabarani. Njiani Mathe alilala, au alijifanya. Msichana wa filamu alipopiga simu kuuliza, alimwambia kwamba tumebisha hodi na mwenye ploti yuko ndani. Atafungua atakapofungua.

Alikuja asubuhi moja, peke yake, na begi la kitambaa. Tulikuwa tunafagia. Alikuwa na maswali, na nilipoyasikia nilimtazama Mathe kuona kama ameshangaa kama mimi. Aliuliza wimbo utawekwa wapi kwenye filamu. Aliuliza kama siku moja unaweza kuuzwa tena uwekwe kwenye tangazo la pombe. Mathe akamwambia ruhusa ni ya filamu hii tu, na mtu mwingine akija itabidi naye afike Ndabibi. Mama Beti akafikiri, kisha akasema ana sharti moja. Wasiukate. Watu wa filamu na wa redio hupenda mwanzo wa wimbo, lakini wimbo huu ni wa wale wanaobaki mwisho. Ukikatwa kabla sauti ya mwisho haijaisha, ni kama wamekwenda na wageni.

Mathe alimpigia msichana wa filamu papo hapo. Msichana akasema majina ya mwisho wa filamu yataendelea kupita mpaka wimbo uishe. Kama hayatoshi ataongeza majina.

Basi niliwasha maiki. Mama Beti alijifuta mikono kwenye leso ingawa haikuwa na maji. Treni ikapiga honi, tukangoja. Halafu akasema:

"Mimi ni Rasoa Nekesa. Maneno ni yangu na sauti ni yangu, na aliyenipa anajua. Napatikana Ndabibi, kwa binti yangu, kwenye vitunguu."

Sikuwahi kulisikia jina lake. Nadhani wengi waliomjua hawakuwahi. Mathe alikuwa amempa mgongo kama kawaida yake, lakini safari hii hakuwa na njugu.

Filamu ilipokamilika msichana alikuja nayo Nakuru mwenyewe, tukaitazama pale studio, kwaya nzima pamoja na Mama Beti imebanana kati ya zile kuta za blanketi, mwenyekiti na suti yake mbele kabisa. Jina la mwenyekiti nalo lilikuwamo, pamoja na waimbaji wote, na alilisoma kwa sauti lilipopita. Wimbo ulipokaribia mwisho watu walianza kuinuka, kisha wakakumbuka, wakakaa tena mpaka ile sauti moja ya mwisho ikaisha. Baadaye walipoondoka, vikombe vya chai vilibaki kila mahali. Mama Beti alikwisha kukunja mikono ya sweta. Mwenyekiti wa kwaya, ambaye alikuwa amefika mlangoni, alirudi, akavua koti la suti, akauliza karai liko wapi.

Nilikaa baada ya hapo miaka kadhaa ya raha. Nakuru ilipanuka, nyumba mpya zikasimama Lanet mpaka nikawa napotea, vijana wakaanza kurekodia kwenye vyumba vyao vya kulala. Mathe hakulalamika. Wengine wao walikuja tu kwa ajili ya maiki, bila kurekodi, wajitaje na kuondoka, kama watu wanaopita kanisani kuwasha mshumaa.

Lakini mimi nina miguu isiyotulia, nimezaliwa nayo. Ilianza kama kawaida, nikisimama barabarani na kutazama malori yanayokwenda kaskazini. Safari hiyo ilikuwa Marsabit. Kituo kidogo cha redio kilitaka mtu wa mitambo, na nilijua nikienda sitarudi kuishi, maana sijawahi kurudi kuishi mahali popote. Nilimwambia Mathe tukimenya viazi. Aliendelea kumenya. Akasema kuna kundi la muziki wa benga linakuja wiki hiyo, nimalizie hilo kwanza.

Kundi lilikuja likiwa limepungukiwa mtu wa kugonga chupa. Ni kitu kidogo, chupa ya soda na kijiko, lakini benga bila hiyo inachechemea. Mathe alinisukumia chupa. Nilicheka, nikagonga. Nadhani mapigo yale niliyaleta mwenyewe kutoka Lodwar, nyuma ya lori, nikayabeba bila kujua. Mpiga gitaa alisema, "Mzee, hiyo umejifunzia wapi?" nikamwambia njiani.

Lori la Marsabit lilikuwa la asubuhi. Kulikuwa na ukungu, na baridi ile ya Nakuru inayoingia kwenye magoti. Nilikuwa nimefunga begi langu na nikatafuta koti nikalikosa. Nilimkuta studio amelivaa, amekaa kwenye kiti chake cha plastiki.

"Mathe, koti."

"Nimeliomba," akasema.

Hakuwa ameliomba. Lakini lilikuwa neno lenyewe, na sikuwahi kulisikia kinywani mwake kwa kitu cha mtu. Nikamwuliza atalitumia kwa kazi gani. Akasema ya baridi. Nikamwuliza atalitumia wapi. Akasema Bondeni hii yote, na soko. Kwa muda gani? Akafikiri kidogo.

"Mpaka urudi kuliuliza," akasema, na wote wawili tulijua huo ni muda gani. Nikasema sawa, imekubaliwa.

Nikainua begi. Akainua mkono, ule mkono wa kuninyamazisha wa siku ya kwanza, akanionyesha maiki. Nilikuwa nimesahau. Kundi la benga lilijitaja lote siku ile, lakini mimi nilikuwa kwenye mitambo na hakuna aliyekuja kunishikia mitambo. Kwa majina yaliyotajwa, wimbo haukuwa na mgonga chupa. Mathe aliinuka akaketi mahali pangu, akabonyeza kidude cha kurekodi, akageuza mgongo.

Nje dereva alikuwa anapasha injini moto. Nilisogea mbele ya maiki. Nilisema jina langu. Nilisema nimegonga chupa. Kisha likaja lile la tatu, nikafungua kinywa kutaja Marsabit, na nikaona kwamba Marsabit si kweli, kama vile Lodwar haikuwa kweli, na Kakamega.

"Napatikana Bondeni, Nakuru," nikasema. "Uliza kwa Mathe wa Lebo. Yeye ana koti langu."

Hakugeuka. Alingoja kidogo kama kuna kingine nitaongeza, au treni ipite, kisha akazima. Nilitoka kwenye ukungu bila koti, nikapanda nyuma ya lori, na sikumbuki kama nilisikia baridi.